Kiangazi cha Ziwa Nyasa: Mvuvi, Samaki na Konokono wa Kichocho

Katika usiku wa kiangazi usio na mwezi, Ziwa Nyasa huonekana kama mji uliojengwa juu ya maji. Mtu aliyesimama kwenye mchanga wa Mbamba Bay, Liuli au Lituhi huona taa zimetapakaa hadi mbali, mahali ambapo mchana hakuna kitu ila maji matupu. Kila taa ni chombo, na ndani ya kila chombo kuna watu wachache wanaongoja usipa wapande. Usipa ni dagaa wa ziwa hili, samaki mwembamba anayeng'aa kama fedha, ambaye huvutwa na mwanga na kukusanyika chini ya taa hadi wavu unapomzunguka. Mwanga wenyewe umebadilika kadiri miaka ilivyopita. Karabai zimeanza kuziachia nafasi taa za betri na za umeme wa jua. Kunapopambazuka mitumbwi hurudi, wanawake huingia majini na mabeseni kuipokea, na kabla jua halijawa kali usipa huwa wamekwisha kuanikwa juu ya vichanja, mchanga na miamba.

Kazi hiyo hulisha watu wengi. Usipa mkavu husafiri kutoka vijiji vya wilaya za Nyasa, Ludewa na Kyela hadi milimani na mijini, na katika kaya isiyomudu nyama ndiye kitoweo cha mtoto anayekua na cha mama mjamzito. Mfanyakazi wa afya wa mwambao huu hana sababu ya kuutazama uvuvi kama adui. Hata hivyo ziwa hilohilo hubeba kichocho, na anayetaka kuelewa kichocho cha wavuvi hana budi kuelewa kwanza namna wanavyovua: saa gani, mahali gani, kwa zana gani, na ni samaki gani wanaopungua.

Kiangazi cha Ziwa Nyasa si kimoja. Kuanzia mwezi Mei hadi Agosti huvuma mwera, upepo wa kusini unaolipiga ziwa kwa urefu wake wote, yaani karibu kilomita 580, na kuinua mawimbi ambayo mtumbwi wa gogo hauwezi kushindana nayo. Ziwa hili lina kina kinachofikia mita 700 hivi, na mvuvi anayezama mbali na pwani mara nyingi haonekani tena. Siku za mwera mkali, kwa hiyo, watu hawaendi mbali. Wanaokwenda ni wachache na wenye vyombo vikubwa. Waliobaki huvua karibu na nchi kavu. Kisha huja Septemba, Oktoba na Novemba, miezi ya joto na utulivu, wakati maji yanapokuwa maangavu kiasi kwamba mtu huhesabu mawe ya chini. Watoto hushinda ziwani. Watu wazima huoga mara mbili kwa siku, na hakuna anayehitaji kuambiwa sababu.

Yule anayevua usipa usiku, juu ya vilindi, hayuko katika hatari kubwa ya kichocho. Jambo hili huwashangaza wengi, hata baadhi ya watoa huduma, kwa sababu ni rahisi kudhani kwamba anayekaa majini muda mrefu zaidi ndiye anayeambukizwa zaidi. Konokono wanaobeba kichocho huishi kwenye maji mafupi, na vimelea vinavyowatoka havifiki mbali nao. Mvuvi wa usiku anaweza kulowa kuanzia jioni hadi alfajiri asipate chochote. Hatari humngoja anaporudi. Humngoja anapousukuma mtumbwi mchangani maji yakiwa kiunoni, anapoosha nyavu, na zaidi anapoamka mchana kwa joto na kujitosa kuoga.

Saa ya kuoga ina uzito mkubwa kuliko inavyodhaniwa. Mtu mwenye kichocho cha mkojo hutoa mayai ya minyoo katika mkojo wake. Yai likifika kwenye maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, huanguliwa, na kinachotoka ni kimelea chenye vinyweleo kinachoogelea kumtafuta konokono wa jenasi ya Bulinus. Kisipompata ndani ya siku moja hivi hufa. Kikimpata huzaliana ndani yake, na baada ya majuma manne hadi sita konokono huyo huanza kutoa vimelea vya namna nyingine, vyenye mkia uliogawanyika nchani, ambavyo wataalamu huviita sekaria. Kimelea kimoja kilichoingia huweza kuzaa maelfu. Sekaria wa kichocho cha binadamu hutoka kwa konokono hasa mwanga unapokuwa mwingi, na kilele chake ni katikati ya mchana. Haihitaji jeraha, hupenya ngozi nzima kwa dakika chache, na mtu huenda asihisi chochote, au akahisi mwasho mdogo anaoulaumu mchanga. Maisha ya sekaria ni mafupi, siku moja au mbili tu, na nguvu yake ya kuambukiza hupungua kila saa inayopita. Kwa hesabu hiyo maji ya saa sita mchana na maji ya alfajiri, ingawa ni ya ufukwe mmoja, hayana hatari sawa. Kuoga alfajiri hupunguza hatari, wala hakuiondoi.

Ndani ya mwili sekaria huacha mkia wake, husafiri na damu kupitia mapafu na ini, na akishakuwa mnyoo kamili hukaa katika mishipa ya vena inayozunguka kibofu cha mkojo. Dume humkumbatia jike katika mfereji wa mwili wake, nao huishi hivyo kwa miaka, mara nyingi mitatu hadi kumi, na wapo walioishi zaidi sana. Mayai huanza kuonekana katika mkojo baada ya miezi miwili au mitatu tangu siku ya maambukizi. Karibu nusu ya mayai hayatoki. Hubaki yamenasa katika ukuta wa kibofu, katika mirija itokayo kwenye figo na katika viungo vya uzazi, na kinachomuumiza mgonjwa ni mapambano ya mwili na mayai hayo, zaidi ya minyoo yenyewe. Makovu huziba njia ya mkojo na figo huharibika polepole. Tangu mwaka 1994 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani limekiweka kimelea hiki, Schistosoma haematobium, katika kundi la visababishi vilivyothibitishwa vya saratani kwa binadamu, kwa sababu ya saratani ya kibofu.

Swali moja huulizwa mara nyingi na wagonjwa, nalo lijibiwe hapa bila kuzunguka: kichocho hakipatikani kwa kula samaki. Usipa, magege, mbasa na wengineo hawabebi ugonjwa huu katika nyama yao. Anayemnyima mtoto samaki kwa hofu ya kichocho anamwongezea tatizo la pili bila kumpunguzia la kwanza.

Kwa muda mrefu Ziwa Nyasa lilisifiwa kuwa halina kichocho. Hata wageni waliambiwa hivyo: ogelea popote kwenye ufukwe ulio wazi, hatari iko kwenye mabwawa na vijito vya nyuma ya kijiji tu. Haukuwa uongo mtupu. Konokono aliyejulikana kwa ubaya, Bulinus globosus, hupenda maji yaliyotulia yenye majani, na mchanga ulio wazi unaopigwa na mawimbi haumfai. Sifa hiyo ilivunjika mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wamarekani wawili waliokuwa wakijitolea nchini Malawi walipata kichocho cha mfumo wa fahamu baada ya kuogelea Cape Maclear, kusini mwa ziwa, sehemu iliyo ndani ya hifadhi ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 1984. Wataalamu wa magonjwa ya mlipuko walipopima damu za wageni na wakazi wa kigeni nchini humo, takriban theluthi moja walikutwa na chembe za kinga zinazoonyesha kwamba wamewahi kuambukizwa. Katika miaka iliyofuata ilibainika kwamba konokono mwingine, Bulinus nyassanus, ambaye haishi mahali pengine popote duniani ila katika ziwa hili, naye hubeba kichocho. Makazi yake ni mchanga ulio wazi. Ufukwe uliodhaniwa kuwa salama ulikuwa na konokono wake wenyewe.

Ni halali kusema kwamba ulimwengu ulishtuka kwa sababu waliougua walikuwa wageni. Watoto wa vijiji vya ziwa walikuwa wakikojoa damu kabla ya hapo, na hakuna aliyeliandika jambo hilo kwa haraka ileile.

Kwa nini ufukwe ulibadilika? Hapa ndipo uvuvi unaporudi katika habari hii, safari hii kwa upande wa samaki. Ziwa Nyasa lina mamia ya spishi za samaki wa jamii ya perege, wengi wao hawapatikani kwingine, na kila kundi lina chakula chake. Wapo wanaokwangua miamba, wapo wanaochuja mchanga, wapo wanaokula samaki wenzao. Mmoja wao, Trematocranus placodon, ana taya la pili kooni lenye meno mapana kama ya kinu, na kwa meno hayo huvunja magamba ya konokono na kula nyama iliyomo. Huzunguka juu ya mchanga wa maji mafupi, mahali hasa anapoishi Bulinus nyassanus. Tangu mwaka 1991 watafiti Sosten Chiotha, Kenneth McKaye na Jay Stauffer wamekuwa wakiandika juu ya uwezo wa samaki wa aina hii kupunguza konokono wa kichocho, kwanza katika mabwawa ya samaki nchini Malawi. Stauffer na wenzake walifuatilia baadaye ufukwe wa Cape Maclear, wakaona kwamba wala konokono walikuwa wamepungua sana katika maji ya karibu na pwani, na konokono walikuwa wameongezeka. Maelezo yao ni kwamba uvuvi uliokithiri ufukweni ndio uliofungua mlango.

Zana inayotajwa zaidi ni kokoro. Wavu huu mrefu hupelekwa na mtumbwi kwa nusu duara, kisha watu wa pande mbili huuvuta kuelekea nchi kavu, ukikwangua kila kilichoko chini. Samaki wala konokono hana namna ya kuukwepa. Tena uzazi wake ni wa taratibu, kwa kuwa jike hutaga mayai machache na kuyabeba kinywani hadi vifaranga viweze kujitegemea, na dume huandaa kiota chake mchangani. Kokoro humchukua mama pamoja na vifaranga alionao kinywani na kukifuta kiota kwa mkupuo mmoja. Nchini Tanzania zana hii imepigwa marufuku na kanuni zilizotungwa chini ya Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Inaendelea kuvutwa, na hasa katika siku zile za mwera ambapo kwenda mbali ni kuhatarisha roho.

Mtu akitazama kokoro likivutwa huona duara zima la ugonjwa mbele ya macho yake. Wavutaji, wakiwamo vijana wadogo, husimama majini mpaka kifuani au kiunoni kwa muda mrefu, mara nyingi mchana kweupe. Anayebanwa na mkojo hatoki, hukojoa hapohapo. Wavu unaondoa samaki ambao wangekula konokono. Pembeni wanawake na watoto huvuta vyandarua kupata vidagaa vya mboga, na chandarua hicho huenda ndicho kilichogawiwa na kliniki ili kimlinde mtoto na malaria. Mtoa huduma aonapo hilo hushikwa na hasira, na ni hasira inayoeleweka. Lakini mama huyo anajua watoto wake watakula nini jioni, na hilo ndilo analolipima.

Haitoshi kusema kwamba kuwarudisha samaki kutamaliza kichocho. Magonjwa hayaondoki kwa njia nyepesi hivyo. Konokono wa vijito na mabwawa ya nyuma ya kijiji hawafikiwi na samaki wa ziwani, na mtu mmoja asiyetibiwa hutosha kuwaambukiza konokono wengi. Aidha katika miaka ya karibuni wilaya ya Mangochi, kusini mwa ziwa upande wa Malawi, imeonekana kuwa na kichocho cha tumbo pamoja na konokono wake wa jenasi ya Biomphalaria, jambo ambalo halikutarajiwa ndani ya ziwa hili. Samaki na konokono hawatambui mpaka wa nchi. Kliniki ya upande wa Tanzania iliyozoea kuuliza habari za mkojo peke yake ina sababu ya kuuliza pia habari za choo chenye damu.

Turudi kwa mvuvi mwenyewe. Tanzania hutajwa mara kwa mara kuwa nchi ya pili barani Afrika, baada ya Nigeria, kwa wingi wa wagonjwa wa kichocho, na kwa miaka mingi mapambano yamefanyika shuleni. Mwaka 2001 Baraza la Afya la Dunia liliweka lengo la kuwapa dawa angalau asilimia 75 ya watoto wa umri wa shule walio katika hatari, nao mpango wa taifa wa kudhibiti magonjwa yaliyokuwa hayapewi kipaumbele umekuwa ukigawa prazikwanteli madarasani, kipimo kikikadiriwa kwa ubao wa urefu. Kazi hiyo imewaokoa watoto wengi. Lakini kijana aliyeacha shule akiwa na miaka 14 ili aingie kwenye mtumbwi hayumo katika orodha ya darasa. Baba yake hayumo, mama anayeosha samaki hayumo, na mdogo wao ambaye hajaanza shule hayumo. Kila mwaka shule hupata dawa na ufukwe hubaki na mayai. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 ulilitazama pengo hili: katika jamii ambayo kiwango cha maambukizi ni asilimia 10 au zaidi, unapendekeza dawa itolewe kwa kila mtu kuanzia miaka miwili, watu wazima wakiwamo, wajawazito waliovuka miezi mitatu ya mwanzo wakiwamo, na wanaonyonyesha wakiwamo.

Mpaka dawa hiyo ifike kila nyumba, mvuvi huja zahanati kwa miguu yake, na huja amechelewa. Katika sehemu nyingi za Afrika mkojo mwekundu wa mvulana umechukuliwa kuwa dalili ya kubalehe, jambo la kutaniana badala ya kutibiwa. Mtu mzima, kwa upande wake, huona aibu. Mazungumzo huanza mbali.

"Shikamoo daktari. Mgongo unanisumbua."

"Marahaba, kaka. Na mkojo je?"

"Unachoma kidogo."

"Una rangi gani mwishoni?"

Hapo kimya huingia, kwa sababu swali limefika mahali pake. Damu ya kichocho huonekana zaidi mwisho wa kukojoa, kibofu kinapojikamua. Mtoa huduma asiyeuliza hivyo huandika maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo watu huyaita U.T.I., au huandika ugonjwa wa zinaa na kumpa mgonjwa antibiotiki ambazo hazitamsaidia. Mvuvi akiona damu katika shahawa hushawishika zaidi kwamba ni zinaa, na ugomvi huanza nyumbani.

Kipimo nacho kina saa yake. Mayai hutoka kwa wingi zaidi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, na inasaidia mgonjwa akitembea kwa kasi au kupanda ngazi kabla ya kutoa mkojo. Mvuvi wa usiku hufika zahanati alfajiri akitoka ziwani, hutoa mkojo wa saa moja asubuhi, huambiwa hana kitu, kisha huenda kulala katika saa zilezile ambazo mayai yangeonekana. Jibu la kutokuwa na mayai katika mkojo wa alfajiri halimalizi shauri. Arudi saa sita mchana, au atoe mkojo siku mbili au tatu tofauti. Kilichobaki cha mwisho katika kukojoa ndicho chenye thamani, hivyo chupa isiondolewe mapema. Palipo na vifaa, mililita 10 huchujwa na kutazamwa kwa hadubini, na yai la haematobium hutambulika kwa mwiba ulio nchani. Pasipo na hadubini, kijiti cha kupimia damu katika mkojo ni bora kuliko kubahatisha.

Dawa ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, kwa kawaida mara moja. Mambo matatu huharibu kazi yake. La kwanza ni njaa. Mvuvi aliyetoka ziwani bila kula akimeza vidonge hivyo hupata kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya tumbo, na akishatapika hurudi kijijini kuwaambia wenzake kwamba dawa ile ni sumu; ale kwanza. La pili ni muda, kwa kuwa dawa huua minyoo iliyokomaa na huiacha michanga. Aliyeambukizwa majuma machache yaliyopita huweza kutibiwa leo na kukojoa damu tena baada ya miezi, akadhani dawa haifanyi kazi. Marudio ya dozi yapangwe kwa kuzingatia hilo. La tatu ni la Nyanda za Juu Kusini hasa, ambako tegu la nguruwe lipo. Mtu mwenye vifuko vya tegu katika ubongo au jicho huweza kupata madhara makubwa, degedege likiwamo, anapopewa prazikwanteli. Swali la kama mgonjwa amewahi kuanguka kifafa au ana uvimbe mdogomdogo chini ya ngozi huchukua nusu dakika, na katika vijiji vya ziwa vilivyo chini ya milima ya wafugaji wa nguruwe lisirukwe.

Kwa mwanamke anayeosha usipa na kupokea mitumbwi, habari ni nzito zaidi na hutajwa mara chache zaidi. Mayai yanaponasa katika mlango wa kizazi na ukeni huleta kichocho cha viungo vya uzazi: uchafu usio wa kawaida, damu baada ya tendo la ndoa, maumivu, pengine ugumba au mimba kutunga nje ya mfuko wa uzazi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba wanawake na wasichana milioni 56 wanaishi na hali hii, wengi wao Afrika kusini mwa Sahara. Tafiti zilizofanyika Zimbabwe na Tanzania zimeonyesha uhusiano kati ya kichocho cha wanawake na maambukizi ya VVU, kwa maana vidonda na uvimbe huo hurahisisha njia ya virusi. Mkunga anayetumia spekula huweza kuona mabaka yenye chembechembe kama mchanga wa njano, au mishipa ya damu isiyo ya kawaida. Akiyaona asidhani moja kwa moja kwamba ni saratani, wala asimtume mama nyumbani na antibiotiki za tatu mfululizo. Mkojo wake unaweza kuwa safi kabisa hata hivyo. Dawa ikitolewa mapema, katika utoto au ujana, hukinga sehemu kubwa ya madhara haya. Makovu ya muda mrefu hayaondoki kwa urahisi. Mama aliyeshutumiwa na mumewe kwa ugonjwa ambao chanzo chake ni kupokea samaki wa mumewe huyohuyo anastahili kuelezwa hivyo na mtoa huduma mbele ya mume, iwapo mwenyewe ataridhia.

Kuhusu kinga, ushauri mwingi unaotolewa ufukweni haufuatiki, na watu huusikiliza kwa adabu kisha huenda zao. Mvuvi kumwambia asiguse maji ni sawa na kumwambia mkulima asiguse udongo. Yapo yanayowezekana. Maji ya kuoga yaliyotekwa pasipo konokono na kuwekwa kwenye pipa kwa siku mbili huwa salama, kwa sababu sekaria hufa humo. Nyavu huweza kuoshwa juu ya vilindi kabla ya kurudi badala ya kuoshwa ufukweni. Vijana waliozoea kuvua kwa miguu kwenye maji mafupi wapangiwe kupimwa kila msimu. Choo kilicho karibu na mwalo, kinachoweza kutumiwa na watu waliolowa na wenye haraka, hufanya kazi kubwa kuliko mabango kumi. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambavyo tayari hukutana juu ya kokoro na nyavu haramu, ndivyo vyenye uwezo wa kuzungumza na wavuvi juu ya samaki wala konokono kwa lugha yao. Katika hifadhi ya Malawi uvuvi umezuiwa ndani ya mita 100 kutoka ufukwe wa maeneo yaliyolindwa. Katika vijiji vyetu hakuna anayeweza kuufunga ufukwe wote, ila baadhi ya maeneo ya mazalia yakiachwa kwa makubaliano ya wanakijiji wenyewe, samaki huyo mwenye meno ya kinu hupata pa kuanzia.

Mvuvi aliyemeza dawa zake huuliza swali moja kabla ya kuondoka: arudi ziwani lini. Jibu la kweli ni kwamba atarudi usiku huohuo, mwezi ukiwa haupo na mwera ukiwa umelala. Mtoa huduma huandika katika kadi yake tarehe ya kurudi kupimwa, na kando ya tarehe huandika saa: saa sita mchana.